Pongo Alisimama Ubavu

Jumamosi, 3 Julai 1993

Nimekuwa mwindaji. Naandika kwa wino, si kwa penseli.

Sababu ziko wazi. Kiwanda cha nguo hapa Nyakato kimetupunguza. Mimi Yakobo, msimamizi wa zamu ya asubuhi, sehemu ya kusokota nyuzi, nimepunguzwa sawasawa na Venant, aliyekuwa akifagia pamba chini ya mashine zangu! Wanasema ni soko huria. Huria kwa nani? Na hii kota ya kiwanda tunayokaa lazima tuiache mwisho wa mwezi.

Mke wangu Dorotea amekwishapata la kufanya. Anachukua mapanki kule kwenye kiwanda cha minofu: ile mifupa ya sangara inayobaki na kichwa chake baada ya nyama yote kukatwa na kupakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Anaikaanga, anauza sokoni. Watu wananunua. Watu siku hizi wananunua chochote.

Jana aliniomba niwe naenda naye asubuhi kwenye foleni ya mapanki, maana wanaume wenye mabavu wanawasukuma akina mama. "Wewe simama tu, Baba Gladness," akasema. "Huna haja hata ya kusema neno." Nikamjibu kwamba mtu aliyesimamia mashine ishirini hawezi kwenda kugombania miiba na paka.

Aliendelea kupaa magamba.

Mpango wangu ni huu. Bwana Farouk amefungua hoteli Kirumba. Wageni wake ni marubani wa zile ndege na wenye viwanda, watu waliochoka samaki. Nimemweleza kwamba nyama ya pongo, yule swala wa vichakani, aliyepigwa kwa mshale haina harufu ya baruti, na kwamba Mzungu akiionja mara moja harudi tena kwa sangara. Akachokonoa meno, akasema niilete tu, tutaongea. Kwa mfanyabiashara, hilo ni sawa na mkataba.

Leo nimekwenda Igombe, ufukweni huko mbele ya uwanja wa ndege, kwa Mzee Shimba anayetengeneza pinde. Nimerudi na upinde, na podo limejaa mishale. Nimempa baiskeli.

Dorotea ameuliza baiskeli iko wapi. Nimemwambia iko kazini.


Jumatatu, 5 Julai

Mazoezi. Nimesimamisha shina la mgomba nyuma ya kota, nikalifunga kitambaa chekundu kiunoni. Mshale wa kwanza: kwenye kitambaa. Wa pili: kwenye kitambaa. Wa tatu umegusana na wa pili! Majirani wakatoka kutazama. Mke wa fundi umeme akasema hajawahi kuona mkono kama huu. Nikamwambia ni damu tu, babu yangu alikuwa akiwinda tembo kule Magu. (Babu alikuwa anashona viatu. Lakini tembo walikuwepo.)

Ndipo akatokea Venant anasukuma mkokoteni. Juu ya mkokoteni, mapanki. Nyuma ya mkokoteni, mke wangu, shingo imekakamaa. Alikuwa amebeba mzigo kichwani tangu kiwandani mpaka nguvu zikamwishia barabarani, na Venant akamkuta hapo amekaa.

Venant ana tabia mbaya sana ya kuwakuta watu.

Akaniita bosi, kama zamani. Akasifu shabaha. Nikamshukuru kwa ile sauti yangu ya zamu ya asubuhi, fupi, ili ajue kwamba kazi imekwisha lakini ngazi bado iko palepale. Sikumkaribisha kukaa.

Dorotea akautazama upinde. Kisha akautazama ukuta pale baiskeli ilipokuwa ikiegemea. Akauliza kwa upole kama huu upinde una keria.

Wanawake hawaelewi mtaji.


Jumatano, 7 Julai

Siku ya kwanza porini. Naandika kwa hasira.

Mzee Shimba ana shamba la viazi vitamu linaloteremka mpaka kwenye mawe ya ziwani. Kuna pongo dume anayetoka vichakani kila asubuhi kuja kula majani ya viazi. Bwana nyama mwenyewe amekwisha sema huyo apigwe, ni mharibifu. Kwa hiyo mimi ni mwindaji halali, tena mlinzi wa kilimo.

Nikajificha nyuma ya jiwe. Jua likatoka. Pongo akatoka. Dume la haja, rangi ya kahawia, madoa meupe kiunoni, pembe zimenyooka. Akaja mpaka nikamsikia anavyotafuna. Akasimama ubavu. Ubavu mzima, kama picha ya kalenda! Hata ningemtupia ndala ningempata.

Nikavuta. Nikamtazama wote: pembe, madoa, mkia. Nikaiona hoteli ya Farouk, wahudumu wamevaa meupe, sahani zinapita. Nikamwona Venant amesimama mlangoni anaomba kazi ya kuosha sahani hizo. Nikaachia.

Mshale ukapita juu ya mgongo wake ukaenda kutumbukia ziwani.

Pongo akainua kichwa akatazama majini, kujua ni nini kimeanguka. Kisha akaendelea kula! Nikatoa mshale wa pili. Huo ukapita chini ya tumbo, katikati ya miguu, ukazama kwenye tuta. Akahamia tuta la pili. Wa tatu sijui ulikwenda wapi. Mpaka sasa sijauona.

Upepo. Upepo wa ziwa hauaminiki, unavuma chini na juu kwa wakati mmoja. Mtu wa bara hawezi kujua.


Ijumaa, 9 Julai

Mzee Shimba amekuja kunitembelea nyuma ya jiwe langu. Amekuja kwa baiskeli. Baiskeli yangu! Ameitia kengele mpya, na anaipiga hata pasipo na mtu.

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba huku anacheka. Akasema aliniona juzi akiwa juu mlimani, na kosa langu analijua. Akasema: "Wewe unampiga pongo mzima. Pongo mzima ni mkubwa mno. Chagua unywele mmoja nyuma ya bega, uutazame huo huo, mwingine usiuone."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima ya mvi. Lakini nani amewahi kuagiza unywele hotelini? Huyu mzee ametengeneza pinde maisha yake yote na bado anakaa nyumba ya udongo. Ushauri wa namna hiyo una matokeo yake, nayo yanaonekana.

Akaondoka akipiga kengele. Nikasema leo basi, pongo amekwisha kimbia. Wapi! Alikuwa anangoja mzee apite. Akatoka, akasimama palepale pa juzi, ubavu uleule.

Mara hii nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nimevaa koti langu la usimamizi, maana asubuhi ziwani kuna baridi, na pia kwa sababu mnyama naye anatambua mtu. Nikavuta mpaka sikioni. Nikaachia. Kamba ya upinde ikanasa kwenye kifungo cha koti, mshale ukaanguka juu ya kiatu changu. Kifungo kikaruka mbali. Pongo akakinusa.

Mshonaji wa koti hili ana kesi ya kujibu.


Jumapili, 11 Julai

Baada ya misa watu wameniuliza habari za windo. Nimesema nimemjeruhi. Siyo uongo kamili: mtu hawezi kurushiwa mishale minne asiumie moyoni. Mwalimu wa kwaya akaomba ini. Nikamwahidi. Katekista akaomba paja. Nikamwahidi. Dorotea alikuwa amesimama karibu, akatazama chini kwenye viatu vyake.

Mchana Bwana Farouk akaja mwenyewe kwa gari mpaka kota, amefuatana na rubani mmoja mwenye shingo nyekundu. Kumbe ile habari ya mshale imempendeza mgeni, anataka kuona kwa macho. Bahati ya namna gani! Nikawakalisha. Gladness, binti yangu, akaleta soda za kukopa dukani.

Nikawapeleka nyuma kwenye mgomba. Nikarusha. Kwenye kitambaa. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikarusha tena. Kwenye kitambaa! Nikarusha nimepiga goti. Nikarusha nikiwa natazama pembeni nusu. Mishale ikasimama pale kama miiba ya nungu. Rubani akapiga makofi na kusema kitu kwa lugha yao.

Farouk akauliza pongo yuko wapi. Nikaeleza habari za upepo, na kifungo, na kwamba mambo haya yana hatua zake.

Akanywa soda mpaka mwisho. Akasema: "Basi niletee huyo mgomba."

Wakaondoka. Gladness akacheka mpaka akakaa chini. Mtoto wa kumlea mwenyewe! Nikamwambia akasome.


Jumanne, 13 Julai

Siku mbaya. Nitaieleza kwa mpangilio ili ionekane kosa si langu.

Jana Venant alikuja na habari kwamba kiwanda cha minofu kinatafuta msimamizi wa zamu. Alikuwa amekwisha mtajia meneja jina langu. Meneja akasema nije asubuhi tu aongee nami, maana anataka mtu aliyewahi kuongoza watu. Dorotea akafurahi. Akanipigia pasi suruali. Akaimba wakati anapiga pasi. Sijamsikia akiimba tangu kabla ya Pasaka.

Nikaona hakuna haja ya kukimbilia. Mtu anayetafutwa hafiki wa kwanza. Nikaamka mapema nikadandia pikapu ya samaki kwenda Igombe, kupitia windo langu kidogo tu, kisha nirudi. Nifike kwa meneja nikiwa na pongo begani! Hapo ndipo mazungumzo yangeanzia mahali pazuri.

Nikafika. Pongo alikuwa amelala.

Naandika tena: amelala! Katikati ya shamba, amekunja miguu, macho yamefumba, sikio moja tu linafukuza nzi. Nikanyata mpaka nikaona kope zake. Nikavuta pole pole. Nikafikiria uso wa Venant. Nikaachia.

Mshale ukapiga jiwe lililokuwa pembeni kabisa, ukavunjika vipande viwili. Pongo akafumbua macho. Akanitazama. Mimi na yeye tukatazamana muda mrefu, na yeye ndiye aliyechoka kwanza. Akainuka, akabweka mara moja kama mbwa, akaenda zake kwa mwendo wa kawaida.

Pikapu ya kurudi ikapata pancha. Nikafika kiwandani suruali imejaa matope mpaka magotini, podo mgongoni. Mlinzi hakutaka niingie na silaha. Nikamwambia podo ni chombo cha kazi. Tukabishana. Meneja akatoka kuona kelele ni za nini.

Ningeweza kusema samahani nimechelewa. Lakini kwa nini mtu aanze kazi kwa kuinama? Nikamwambia kwamba nimesimama hapo mlangoni muda mfupi tu na tayari nimeona foleni ya akina mama haina utaratibu, mizani imewekwa juani, na kwamba kiwanda kama hiki kikiendelea hivi hakitamaliza mwaka.

Meneja akanisikiliza mpaka mwisho. Akashukuru. Akamgeukia Venant, aliyekuwa anapakia mkokoteni, akamuuliza kama angeweza kuipanga ile foleni.

Venant akavua kofia akasema atajaribu.

Atajaribu! Huyo ndiye msimamizi wa siku hizi.


Alhamisi, 15 Julai

Nimekaa nyumbani. Mvua haipo, pesa haipo, pongo hayupo.

Foleni ya mapanki sasa imenyooka. Venant ameweka akina mama mbele na wale wanaume wenye mabavu nyuma, na eti wanatii. Dorotea anarudi mapema, mizigo miwili. Anaongea na jirani juu ya uzio kuhusu mafuta ya kukaangia. Nasikia kila kitu. Hakuna aliyenitukana. Ndivyo watu wanavyokuonyesha kwamba wamekwisha kukufuta kwenye hesabu.

Mchana alileta chakula mwenyewe. Si Gladness, yeye mwenyewe. Ugali, na kichwa cha sangara kizima, kile kikubwa ambacho kingeuzwa haraka kuliko vyote. Akaninawisha mikono. Akakaa mkekani mbele yangu, akaweka mikono magotini, akangoja. Hakusema anangoja nini. Gladness naye alikuwa mlangoni, ametulia.

Nikaona ni nafasi nzuri, nikawaeleza kuhusu manyoya. Kumbe mishale ya Shimba ina manyoya ya kuku, na kuku haruki mbali. Ningepata manyoya ya furukombe, yule tai wa ziwani, mambo yote yangebadilika. Nikaeleza kwa kirefu. Nikachora kwa kidole kwenye mchuzi.

Dorotea akasikiliza kiasi. Kisha akainuka, akatoa sahani.

Sikuwa nimemaliza jicho la samaki.


Jumatatu, 19 Julai

Nimehamia Igombe kwa muda. Mzee Shimba amenipa nafasi kwenye banda lake la zana, nami namsaidia kulinda viazi. Mtu akitaka pongo, akae na pongo.

Leo nilikuwa nyuma ya jiwe, mshale uko tayari (manyoya ya furukombe, niliyaokota mwenyewe ufukweni), nikasikia mtu anakuja kupitia kwenye matuta. Dorotea! Amevaa ile khanga yake nzuri ya sherehe. Ametembea kutoka barabara kuu, vumbi mpaka magotini.

Nikamwashiria akae chini. Hakukaa. Akaanza kusema, haraka haraka, sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa akirudia maneno njia nzima. Amepata vyumba viwili Kirumba. Vina baraza la kukaangia. Mwenye nyumba ni Bi Zakia, mjane, mtu wa dini, mkali lakini mwema, naye hapangishi mwanamke ambaye mume wake hajamwona kwa macho. Anataka nionekane tu. Leo. Kuna mwingine anavitaka. Nivae koti, niende, nisimame mlangoni, nisiseme hata neno, na kila kitu kilichopita tutakiacha hukohuko Nyakato. "Mimi nimechoka kugombana na wewe kimoyomoyo, Baba Gladness," akasema. "Twende tu."

Na pale pale, nyuma ya bega lake, pongo akatoka kwenye mawe.

Ubavu. Karibu kuliko siku zote. Jua liko mgongoni kwangu, upepo umelala, kifungo hakipo. Mungu mwenyewe alikuwa amepanga!

Nikamwambia, "Inama!"

Akadhani nimeona nyoka. Akapiga magoti kwenye viazi, mikono kichwani, khanga yake nzuri kwenye matope. Nikarusha juu ya kichwa chake.

Nikakosa.

Sijui hata nilikosaje. Niliona mshale unakwenda vizuri, unakwenda kwa pongo kabisa, halafu pongo akawa yuko upande huu na mshale uko upande ule. Akabweka, akarudi kwenye mawe.

Dorotea alikaa ameinama kwa muda. Nikamwambia sasa anaweza kuinuka. Akainuka. Akakung'uta khanga. Akaenda mpaka kwenye tuta mshale ulipojikita, akauchomoa, akaufuta udongo kwa kiganja, akaniletea. Akanipa kwa mikono miwili, kama anavyompa mkwe maji.

"Nilikuwa nimekuja na neno moja," akasema. "Limenitoka."

Nikamwambia akilikumbuka amtume Gladness. Kama limemtoka halikuwa zito.

Akapanda kurudi barabarani. Mzee Shimba alikuwa pale juu, amesimama na baiskeli, ameona yote. Sikusikia walichosema. Niliona tu mzee akifuta keria kwa shati lake, Dorotea akakaa, wakaondoka. Mara hii mzee hakupiga kengele.

Lazima niandike ukweli: angekuja baadaye kidogo tu, leo tungekula nyama.


Jumatano, 28 Julai

Nimekwenda Nyakato kuchukua nguo. Kota tupu.

Wamefagia. Hata misumari ya picha wameng'oa. Mke wa fundi umeme akasema, bila kunitazama, kwamba walihama Jumamosi, na mkokoteni wa Venant ulikwenda safari tatu. Nikauliza Bi Zakia alikubali vipi kabla ya kumwona mume. Akasema Dorotea alimweleza Bi Zakia ukweli wote, tangu mwanzo, na kwamba Bi Zakia alicheka, kisha akalia, kisha akampa funguo.

Ukweli gani? Nani aliupima?

Ndani kulikuwa na vitu viwili sakafuni. Koti langu limekunjwa, Gladness ameshona kifungo kipya, cha rangi nyingine lakini imara. Na sahani iliyofunikwa na sahani: samaki wa kukaanga. Baridi. Wa siku nyingi kidogo.

Nikala nimesimama. Chumvi ilizidi.


Alhamisi, 29 Julai

Nimekwenda Kirumba. Si kuomba. Kukagua.

Nikavaa koti, nikachukua na upinde, maana siwezi kuuacha bandani kwa watu. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno. Maneno mazuri, mafupi, hata mimi yalinigusa. Nyumba niliipata kwa harufu ya mafuta. Getini alikuwa amekaa mama wa makamo, baibui jeusi, anachambua mchele. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Akanitazama kuanzia viatu mpaka podo. Akauliza bila ubaya wowote:

"Wewe ni nani, baba?"

Nyuma yake nikamwona Dorotea barazani. Karai liko motoni, kijiko kirefu mkononi. Alikuwa amesikia. Kijiko kikasimama hewani. Gladness akatoa kichwa dirishani.

Nikajinyoosha. Nikasema: "Mimi ni mwindaji."

Bi Zakia akarudi kwenye mchele wake. Akasema hapa kwake hakuna wanyama.

Dorotea alingoja kidogo. Kweli alingoja, siwezi kumsingizia. Mafuta yalianza kutoa moshi, akawa bado hajageuza samaki. Nikaona nikianza kueleza pale, mbele ya mwenye nyumba, mbele ya mtoto, itaonekana nimekuja kwa sababu ya njaa. Nikasema nimepita tu, naelekea kwa Farouk.

Akageuza samaki.

Kwa Farouk sikwenda. Nilitembea mpaka kwenye mawe ya ziwani nikakaa nikiwa na koti langu mpaka jua likawa kali. Upepo ulikuwa unavuma mpaka macho yakatoa machozi. Ni upepo ule ule nilioutaja tangu mwanzo.


Jumapili, 1 Agosti

Igombe. Sijakwenda kanisani. Kule wananiuliza ini.

Kazi yangu sasa ni kupiga debe asubuhi na jioni ili pongo asile viazi. Mzee Shimba ananipa chakula na mahali pa kulala. Pongo amezoea debe. Jana alikula nikiwa nalipiga, akawa anatafuna kwa mdundo. Sina kinyongo naye. Mnyama anayesimama ubavu namna ile siku zote ana kasoro, na sasa nimeelewa kwamba nilipoteza mwezi mzima kwa mnyama mwenye kasoro na kwa upinde uliochongwa na mtu asiye na malengo.

Nimemrudishia Shimba upinde wake. Baiskeli amekataa kuirudisha. Amesema amekwisha mpelekea Dorotea. Amesema hivyo kana kwamba anatoa habari njema! Nimemwacha. Akili yangu iko kwenye jambo kubwa zaidi.

Mamba.

Marubani wanataka ngozi kuliko nyama, kila mtu anajua. Na nimempata mamba wangu. Kila siku jua likipanda anatoka majini na kulala juu ya jiwe bapa, mdomo wazi. Haruki. Habweki. Hana mambo ya kusimama ubavu na kuhama tuta. Ni mrefu kama mtumbwi, nani atamkosa? Nimebadilishana koti na mkuki kwa mvuvi mmoja, mkuki mzuri, mpini wake umelegea kidogo tu. Kesho naanza. Ngozi ya kwanza itamkata Venant kauli, na itakapouzwa nitapanga nyumba nzima Kirumba, siyo vyumba viwili, na Dorotea mwenyewe atatuma mtu.

Leo mchana nimeshuka kwenda kumpima. Nimesogea pole pole mpaka nimehesabu meno. Hakutikisika. Hakurudi hata hatua moja. Alinitazama tu kwa jicho moja, muda wote.

Nadhani ananiogopa.